Magoti ya Abu Hureyra

Bwana asifiwe, wapendwa.

"Utupe leo riziki yetu" (Mathayo 6:11). Maneno haya huwa tunayapita mbio, labda kwa sababu unga wetu huja tayari kwenye mfuko.

Kaskazini mwa Syria, kando ya Frati, ule mto wa Mwanzo 2:14, palikuwa na kijiji ambacho leo huitwa Abu Hureyra. Waakiolojia wakiongozwa na Andrew Moore walikifukua mwaka 1972 na 1973, tena kwa haraka, maana bwawa lilikuwa linajengwa na maji yangefunika kila kitu. Sasa kiko chini ya ziwa. Walikuta nyumba za matofali ya udongo, punje za nafaka zilizoungua, na wenyeji wenyewe wamezikwa chini ya sakafu zao. Ni miongoni mwa wakulima wa kwanza kabisa duniani.

Mifupa yao ilichunguzwa na Theya Molleson wa London. Maungio ya vidole gumba vya miguu yalikuwa yameharibika, magoti yana alama, mgongo umeumia kwa chini. Hasa wanawake. Kilichowaumiza ni kusaga. Mtu alipiga magoti, vidole vya miguu amevikunja chini yake, akasukuma jiwe mbele na kulirudisha kwa saa nyingi, na kesho yake akaanza upya. Hata meno yaliisha, kwa vumbi la jiwe lililochanganyika na unga. (Anayedai maisha ya kale yalikuwa mepesi, mwonyesheni kidole gumba hicho.)

Katika Kutoka 11:5, Musa anapotaja watu wa Misri kuanzia Farao kwenye kiti chake cha enzi, wa mwisho kabisa ni kijakazi aliye nyuma ya jiwe la kusagia. Lakini someni Kumbukumbu la Torati 24:6. Mungu anakataza jiwe hilo lisichukuliwe rehani, kwa sababu anayelichukua amechukua uhai wa mtu. Sheria iliyotoka mlimani ikaingia mpaka jikoni, ikamtetea yule wa mwisho.

Bibi yangu alisaga ulezi juu ya jiwe namna hiyohiyo. Akimaliza hakusimama kwanza. Alifuta mikono kwenye kanga, akasali palepale alipokuwa amepiga magoti, sala fupi sana, kisha akaniita nimshike mkono ainuke.