Nta, tupa na chumvi: nilivyokuwa fundi wa skii za binti yangu

Ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kupewa katika mchezo huu wa kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, ni "mnunulie mtoto skii mpya." Nausikia kila msimu tangu binti yangu aingie klabu ya watoto hapa kwetu, jimbo la Salzburg nchini Austria. Jozi mpya ya mashindano ya mtoto inakula euro mia kadhaa, ya mtu mzima inapita elfu, na mshindani anahitaji za slalomu (mbio za kupinda kati ya milingoti) na za slalomu kubwa, ambayo milingoti yake iko mbalimbali zaidi, za mazoezi na za siku ya mbio. Piga hesabu mwenyewe. Sisi karibu zote tumezinunua zimeshatumika, na leo binti yangu ana leseni ya FIS, shirikisho la kimataifa la skii, na anateremka na wasichana ambao gari la baba yao limejaa skii mpya hadi darini. Ndugu zangu wa Pwani walioko Ulaya huniuliza nimewezaje, mimi mtu wa Gongoni ambaye sikuwahi kukanyaga theluji mpaka nilipoolewa. Haya, nasimulia.

Nimeolewa katika nyumba ya skii. Bavyaa alifanya kazi kwenye lifti za mlimani tangu ujana wake, mume wangu alishindana mpaka magoti yakakataa, wifi yangu anafundisha watoto kuteleza. Ukiuangalia mchezo huu, nyumba za namna hii ndizo zinazozaa mabingwa. Felix Neureuther wa Ujerumani ni mwana wa Rosi Mittermaier, aliyechukua dhahabu mbili na fedha moja katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Innsbruck mwaka 1976, na baba yake Christian naye alishinda slalomu za Kombe la Dunia. Janica na Ivica Kostelić wa Kroatia walifunzwa na baba yao Ante, na Janica akatoka Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 na dhahabu tatu na fedha moja.

Wanaonipa moyo mimi hasa ni wawili. Wa kwanza ni Marcel Hirscher wa Annaberg, si mbali na kwetu, aliyetwaa taji la jumla la Kombe la Dunia mara 8 mfululizo, 2012 hadi 2019. Baba yake Ferdinand ndiye aliyemlea katika mchezo, lakini mama yake ni Mholanzi, mtu wa nchi tambarare isiyo na mlima. Wa pili ni Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, kaunti yangu, aliyeletwa Austria akiwa na miaka 3. Baba yake wa kambo alikuwa mtu wa lifti za skii, na mwaka 2018 Sabrina akateremka kwenye Olimpiki ya Pyeongchang akiwa amevaa rangi za Kenya. Nilipiga vigelegele sebuleni mpaka mavyaa akaja mbio kutoka jikoni.

Watu wakiona mtoto wa nyumba hizi ameshinda husema ni damu. Mimi nimeishi ndani ya nyumba hiyo, na nawaambia ni karakana. Chini ya nyumba yetu kuna meza nzito yenye jiliwa, tupa za kila ukubwa ukutani, pasi ya nta, brashi za shaba na za manyoya ya farasi. Vidole vya bavyaa viliposhikwa na baridi yabisi, akawa hawezi tena kunoa makali, ule ukingo wa chuma wa skii. Mume wangu yuko kazini alfajiri hadi usiku. Nikashika tupa mimi.

Kunoa nilijifunza upesi, kwa sababu mkono wa tupa ni mkono wa subira. Makali ya pembeni tunayanoa kwa nyuzi 87, na kiongozi cha pembe kinakusaidia usipotoke. Ukimaliza, pitisha kucha juu ya chuma: kikikwangua kucha, kimenoleka. Kosa la wazazi wengi ni kunoa sana jioni ya kuamkia mbio na kusahau kusugua kwa jiwe laini, kwa hiyo yanabaki mameno madogo ya chuma yanayokwama kwenye barafu. Tupa nzuri moja ni bora kuliko tatu za bei nafuu, na isafishwe kila mara.

Kuhusu nta, duka moja lilijaribu kuniuzia unga wa bei ya kutisha eti ndio siri ya kasi. Siri ni kazi. Yeyusha nta, ipake, iache skii ipoe kabisa hadi joto la chumbani, kisha kwangua yote. Nasema yote! Nta inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani ya plastiki ya chini. Iliyobaki juu inapunguza mwendo tu. Baada ya hapo brashi, brashi, brashi.

Skii zilizotumika zina hatari moja ambayo wauzaji hawakwambii. Tangu msimu wa 2023/24 FIS imepiga marufuku nta zenye florini, kemikali ya kuongeza mwendo, na kwenye mbio kubwa kuna kifaa cha kuzipima skii. Mbio za kwanza za wanawake msimu ule, kule Sölden, Mnorwe Ragnhild Mowinckel alifutiwa matokeo kwa sababu hiyo. Skii ya zamani inaweza kuwa imelishwa florini miaka na miaka. Kwa hiyo jozi yoyote ikiingia nyumbani, naipaka nta laini ya bei rahisi, naikwangua ingali vuguvugu ili itoke na uchafu, halafu narudia, narudia tena, mpaka nta inayotoka iwe safi. Na brashi zilizowahi kugusa florini nimezitupa. Mume wangu alilalamikia brashi moja ya baba yake. Nikaitupa hata hiyo.

Sasa chumvi, sehemu ninayoipenda. Machi jua likipanda, njia ya mbio inalainika, na wenye nambari za nyuma, yaani wanaoteremka mwisho, wanakuta mashimo tu. Waandaaji hapo humwaga chumvi. Nilipoiona mara ya kwanza nilisisimka, maana Gongoni tumelelewa na mashamba ya chumvi. Harufu yake naijua kabla ya kuiona. Nikamuuliza bavyaa inafanyaje kazi. Badala ya kunijibu akanipa pakiti ya chumvi ya jikoni na kipimajoto, akaniambia niende uani.

Niligawa theluji yenye majimaji sehemu mbili, moja nikainyunyizia. Kipimajoto kilikuwa kwenye sifuri pande zote. Upande wa chumvi kikaanza kushuka mbele ya macho yangu, nyuzi kadhaa chini ya sifuri, na theluji iliyokuwa uji ikawa ngumu ya kugonga. Chumvi inayeyusha chembe za juu, kuyeyuka kunahitaji joto, na joto hilo linanyonywa kutoka theluji ya chini, nayo inaganda. Nilirudia jioni ile mpaka mavyaa akauliza nani amemaliza chumvi yake.

Wiki chache baadaye tukaenda mbio za slalomu. Utabiri ulisema siku ya joto, na kila mzazi alipika nta laini ya theluji yenye maji. Mzazi mmoja mwenye sauti kubwa alinisimamia kunieleza jedwali la nta kana kwamba sijui kusoma. Lakini mimi jioni ile nilikuwa nimepita mwisho wa njia na kuona magunia ya chumvi yamepangwa karibu na uzio. Nikajua kesho asubuhi hewa itakuwa ya joto, ila theluji itakuwa baridi, ngumu na yenye kukwaruza kama msasa. Nikapaka nta ngumu, ya siku za baridi. Binti yangu aliniangalia, akasema, "Mama, una hakika?" Nikamwambia alale.

Alianza na nambari ya nyuma kabisa, kwani pointi zake zilikuwa bado nyingi, na katika FIS pointi chache ndizo nzuri. Chumvi ikafanya kazi yake, njia ikabaki ngumu. Akapita mlingoti kwa mlingoti, magoti chini, na katika mteremko wa pili akapanda nafasi tena, akamaliza mbele ya wasichana waliomwacha msimu mzima. Miguu ni yake na ujasiri ni wake. Lakini skii zile zilikuwa zinateleza, na kila aliyesimama pale chini aliona.

Ukirudi kutoka njia yenye chumvi, osha skii kwa maji safi na kausha makali papo hapo, la sivyo kesho yana kutu. Usizifunge kwenye mfuko zikiwa na maji.

Msimu ujao anaanza super-G, mbio za kasi zaidi kuliko slalomu. Skii ni ndefu zaidi, mwendo ni mkubwa zaidi, na pembe ya makali bavyaa anasema tutaizungumzia yeye na mimi, bila mume wangu. Nimeshapata jozi moja iliyotumika kwa bei nzuri. Iko kwenye jiliwa, duru ya kwanza ya nta imetoka nyeusi.