Tamu au Kali: Siku Mbili za Kuonja Mvinyo Dodoma

Kamati ya harusi ya mdogo wangu ilimaliza suala la ukumbi, sare na chakula kwa vikao viwili tu, lakini ilipofika kwenye mvinyo ikakwama wiki tatu. Mjomba, aliyeishi Torino, Italia, miaka kumi na moja kabla ya kurudi Dar es Salaam, alishikilia kwamba mvinyo wenye sukari si mvinyo bali ni juisi iliyolewa, na kwamba hatakaa meza kuu akitazama wageni wake wakinyweshwa sharubati. Shangazi, ambaye ni mweka hazina wa kamati na kwa hiyo ndiye mwenye fungu, alimjibu kwamba watu hawachangi harusi ili waje kukunja nyuso. Mwenyekiti alipochoka akaamua twende Dodoma watu watatu, yaani hao wawili pamoja na mimi ambaye sikuwa na upande, tukaonje wenyewe na turudi na jibu moja. Hesabu ilikuwa nyepesi: wageni 250, meza 25, chupa mbili kila meza. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano, hivyo kila mgeni angepata glasi moja tu, na glasi moja haimpi mtu nafasi ya kuzoea asichokipenda.

Tulipanda treni ya umeme asubuhi ya Ijumaa, mwezi wa Agosti. Hadi Morogoro Mjomba alikuwa akieleza namna ya kuzungusha glasi na kunusa kabla ya kunywa, na Shangazi alikuwa amefumba macho ingawa nilijua hajalala. Baada ya Morogoro nchi ilianza kukauka, mibuyu ikajitokeza, na mimi nikajiuliza kama anavyojiuliza kila mgeni wa njia ile: zabibu zinatoka wapi katika ardhi kama hii? Jibu ni kwamba ukavu huo ndio unaozifaa. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zake ni za msimu mmoja, na hewa kavu huyapunguza magonjwa ya ukungu ambayo huisumbua mizabibu kwenye unyevunyevu. Tena, kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mzabibu kama ilivyo Ulaya, mkulima huupogoa mara tu anapomaliza kuvuna, nao huchipua upya, kwa hiyo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Wamisionari wa Kiitaliano wa Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, ndio wanaotajwa kuwa walioileta mizabibu hiyo miaka ya 1950, na walikuwa na sababu yao, maana misa haisomwi bila divai.

Tulifikia kwa binamu yangu, na kabla hata ya kula nilitumwa dukani nikanunue chupa mbili za kuanzia, nyekundu na nyeupe. Kijana wa duka aliniuliza swali moja tu: "Dada, unataka tamu au kali?" Nilimwambia kali, zote mbili, naye akazitoa kwenye rafu ya dirishani ambako zilikuwa zimesimamishwa kwa mstari, jua la mchana likizipiga ubavuni. Wakati ule sikuona tatizo.

Chupa nyekundu tuliifungua barazani. Ilikuwa na joto kama chai iliyosahaulika mezani, na Mjomba alipoinusa akarudisha kichwa nyuma, kwa kuwa kitu cha kwanza kumpanda puani kilikuwa spiriti. Alionja, akaiweka glasi chini, akasema kwamba zabibu za hapa bado sana. Shangazi naye alionja kidogo, akakunja uso kama alivyokuwa ameahidi, akasema, "Kali. Si nilisema?" Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu walikuwa wamekubaliana, na mimi nikaona kwamba huenda safari imeisha kabla ya kuanza.

Chupa ile niliitia kwenye jokofu kwa nusu saa, si kwa ujuzi, bali kwa kuwa sikutaka kuimwaga. Tulipoijaribu tena kabla ya magharibi, ile harufu ya kuchoma ilikuwa imetulia na tunda lilikuwa limejitokeza, kitu cha mfano wa zambarau zilizoiva. Mjomba alikaa nayo mdomoni muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Alikiri kwamba kanuni aliyoishika ya kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ilitungwa kwa vyumba vya mawe vya Ulaya, ambavyo zamani havikuzidi nyuzi 18 au hivi, si kwa rafu inayoota jua Dodoma. Shangazi hakubadilika. "Bado kali," alisema.

Usiku huo neno lile lilinisumbua. Kijana wa duka alikuwa amelitumia kwa maana ya mvinyo usio na sukari. Shangazi alikuwa amelitumia mara mbili, na nina hakika hakukusudia kitu kilekile, kwa kuwa mara ya kwanza alishika koo na mara ya pili alishika shavu. Sisi husema pilipili kali, jua kali, siki kali, dawa kali na pombe kali, kisha tunashangaa kwamba watu hawaelewani kuhusu kilichomo ndani ya glasi. Kumbe Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa; sisi ndio tumeyaacha jikoni na shambani. Ule mkazo wa kukausha ulimi na fizi, kama mtu aliyetafuna bibo au ndizi mbichi, ni ukakasi. Ile hali ya kutoa mate pembeni mwa ulimi, kama mtu anayemung'unya ukwaju, ni ugwadu. Uchungu unajulikana kwa kila aliyewahi kunywa mwarobaini. Kinachobaki ni ule moto wa kilevi kooni, na huo pekee ndio ningeuachia neno kali.

Asubuhi ya Jumamosi binamu alitupeleka Hombolo, kaskazini mashariki ya mji, ambako mashamba ya mizabibu yapo jirani na bwawa. Mwenye shamba tulilofikia alikuwa mama wa makamo, aliyeitikia "Mbukwenyi" yetu ya kubahatisha kwa Kigogo kirefu ambacho hakuna kati yetu aliyekielewa, kisha akacheka na kurudi kwenye Kiswahili. Mizabibu yake ilikuwa imelazwa kwenye nyaya kwa mistari, na wavulana wawili walikuwa wakipita katikati wakipiga debe kufukuza ndege. Nyingi zilikuwa za aina ya Makutupora, zabibu nyeusi iliyopewa jina la eneo lililo kaskazini mwa mji ambako kuna kituo cha utafiti wa zao hilo.

Shangazi, ambaye kwao walilima, alimwuliza jambo ambalo Mjomba katika miaka yake yote ya Torino hakuwahi kuliuliza: anajuaje kwamba zimeiva? Yule mama alichuma punje moja, akaibinya, akamwaga maji yake chini, akampa Shangazi mbegu na ganda. "Tafuna ganda peke yake," alisema, "kisha uvunje mbegu kwa jino." Sote tulifanya hivyo. Ganda lilishika ulimi papo hapo, ukakasi mtupu. Mbegu ya punje ile ilikuwa na rangi ya kahawia, ikakatika kwa mlio kama njugu iliyokaangwa. Akachuma punje ya kivulini, na mbegu yake ilikuwa bado na ukijani, laini, chungu. "Hii utamu inao, lakini bado," alisema. "Mnunuzi akija anatia tone kwenye kioo chake anaangalia sukari kwa jicho moja. Sukari inawahi. Mbegu inachelewa."

Maneno yale machache yalinifunza kuliko yote niliyokuwa nimeyasoma. Katika jua kama la Dodoma sukari hupanda haraka na ugwadu hushuka, na sukari hiyo ndiyo hamira huila na kuigeuza kilevi. Ikiisha yote, mvinyo unakuwa mkavu, na ikiachwa ibaki, au utamu ukiongezwa baadaye, unakuwa ule anaoupenda Shangazi. Ukakasi unatoka kwenye maganda na mbegu, ndiyo sababu mvinyo mwekundu unaochachuliwa pamoja na maganda yake unao, na mweupe karibu hauna. Zabibu iliyovunwa kwa kuangalia sukari peke yake huweza kutoa kilevi cha kutosha pamoja na ukakasi mbichi wa kukwaruza, na hilo ni suala la ubora, si la mapenzi ya mtu. Lakini mkulima naye ana hesabu yake. Nilimwuliza yule mama kwa nini asisubiri mbegu zote ziwe kahawia. Alinitazama kwa huruma. Ndege hawasubiri, alisema, na zabibu ikikosa mnunuzi haihifadhiki ghalani kama mtama. Mwaka mmoja aliahidiwa gari ambalo halikuja, akaishia kukamua mchuzi wa zabibu, yaani maji yake, na kuuza kwa bei ya kutupa.

Jioni ndipo tulipofanya jaribio lenyewe. Njiani tulikuwa tumenunua chupa nyingine kwenye ghala lenye kivuli, na binamu aliongeza moja ya kutoka Afrika Kusini iliyogharimu karibu mara mbili ya zile za Dodoma. Nilizifunga kwa magazeti, nikazipa namba, na kwa kuwa mimi ndiye niliyejua siri sikupiga kura. Niliiba hila moja. Robert Hodgson, profesa mstaafu mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo huko California, alichapisha mwaka 2008 matokeo ya majaribio aliyowafanyia majaji wa mashindano ya mvinyo ya jimbo lile: aliwapa mvinyo uleule mara tatu kutoka chupa moja bila kuwaambia, na takriban jaji mmoja tu kati ya kumi ndiye ambaye alama zake hazikuyumba sana. Mimi nilifanya namba 2 na namba 5 zitoke kwenye chupa moja, nyekundu kavu ya Makutupora.

Namba 1, nyeupe ya zabibu za aina ya Chenin Blanc, ilipita bila ugomvi. Shangazi alisema ina ugwadu wa kupendeza, na nilifurahi kwamba alitumia neno hilo. Namba 2 Mjomba aliipa alama nane kati ya kumi. Namba 3 ilikuwa ile nyeupe ya duka la jana. Ilikuwa imegeuka rangi kuelekea chai ya rangi, ikinuka kama tufaha lililopondeka na kuachwa, na hatukupiga kura juu yake; tuliimwaga bustanini, mpenda tamu na mpenda kavu kwa mkono mmoja. Namba 4 ilikuwa nyekundu yenye utamu, na Shangazi aliipa tisa. Ilipokuja namba 5, Mjomba alionja, akatikisa kichwa, akaandika nne: gwadu, imekonda, haina tunda. Ile ya Afrika Kusini aliiweka ya tatu, na Shangazi aliiweka ya mwisho.

Nilipofungua magazeti Mjomba alinyamaza muda mrefu. Sikumcheka, na sidhani kwamba kosa lake linaonyesha kuwa hajui. Namba 5 ilikuja baada ya mvinyo wenye sukari, na ulimi uliotoka kwenye sukari huona kila kitu kigwadu, kama vile chungwa linavyochachuka baada ya kulamba asali. Niliyemtega ni mimi, kwa mpangilio. Hata hivyo, tangu hapo sijaamini alama za mtu yeyote mpaka niambiwe alionja nini kabla yake.

Kisha nyama ikaletwa, mbuzi wa kuchoma na chumvi yake pembeni. Shangazi, ambaye glasi yake ya namba 5 ilikuwa bado imejaa, alikata kipande, akatafuna, akanywa bila kukumbuka anachokunywa. Akasita hapo. Akatafuna kipande kingine, akanywa tena. Chumvi na mafuta huulainisha ukakasi, na ukakasi nao huyasafisha mafuta ulimini, jambo ambalo Mjomba alianza kulieleza kwa kirefu hadi nikamkanyaga mguu. "Kwenye nyama, sawa," Shangazi alisema hatimaye. "Kwenye keki, hapana." Tulijaribu na keki iliyokuwepo nyumbani, naye alikuwa na haki kabisa: mvinyo mkavu juu ya sukari ya keki ulikuwa kama maji ya limau.

Kilichobaki kubishania ni idadi. Mjomba alitaka nusu kwa nusu. Shangazi alimkumbusha kwamba wanaochanga wengi wana ladha kama yake, si kama ya watu wa Torino, na kwamba keki huliwa na kila mtu ilhali wengine hawali mbuzi. Zikawa chupa 30 za tamu na 20 za kavu, zote za Dodoma, zote zikabidhiwe zikiwa kwenye barafu. Mimi ningeweka Chenin Blanc chache kwa ajili ya meza za wala samaki, lakini sikuwa na fungu.

Asubuhi ya Jumapili kwenye treni mhudumu alipita na chai ya tangawizi. Mjomba alipiga funda la kwanza, akafumba macho, akasema, "Hii chai kali."

Shangazi hakugeuka kutoka dirishani. "Kali ya nini, shemeji?"