Moto wa seredani ndani ya laptopu

Mtu akisikia unafanya simulesheni ya moto kwenye kompyuta, yaani kuuiga moto kwa hesabu, anafikiria magemu, unabonyeza tu moto unawaka. Kuna jamaa yangu hapa Mwanakwerekwe kaniuliza, sasa yakhe laptopu inanguruma usiku kucha kwa ajili ya moto wa seredani, si ungetia makaa ukawasha ukaangalia? Swali zuri wallahi, ila jibu lake refu, ndo naliandika hapa.

Kwanza hewa peke yake. Milinganyo ya Navier na Stokes, ile inayoeleza hewa na maji vinavyokwenda, ipo tangu karne ya 19, unachofanya ni kulikata eneo lako viseli vidogo vidogo halafu kila seli unaihesabia mwendo, presha na joto, hatua kwa hatua. OpenFOAM inafanya yote hayo, ni programu ya bure na msimbo wake (maandishi yaliyoiunda) uko wazi tangu 2004, na laptopu ya kawaida inajitahidi ukiwa hukuzidisha seli. Tia kemia sasa uone! Kila gesi inadai mlinganyo wake, oksijeni, kaboni monoksaidi, mvuke, mpaka vile vipande vya molekuli kama OH na H ambavyo vinazaliwa na kufa humo humo ndani ya moto. Watu wa methani wana orodha yao maarufu inaitwa GRI-Mech 3.0, ina spishi 53, yaani aina za molekuli na vipande vyake, na riaksheni 325 za kugeuzana kwao, na methani yenyewe ndo gesi ndogo kuliko zote katika ukoo wake, kaboni moja na haidrojeni nne basi. Mtungi wa gesi wa jikoni kwako una propani na butani, huko orodha ndo inazidi.

Lakini wingi sio unaoua kompyuta, kinachoua ni tofauti za mwendo. Moshi unapanda taratibu mpaka unaufata kwa jicho, wakati hivo vipande nilivosema vinageuka ndani ya sehemu ya milioni ya sekunde na vyengine chini ya hapo, na ukihesabu kwa njia ya kawaida lazima hatua zako zimfate yule mwenye haraka kuliko wote, la sivyo namba zinaripuka. Ni kama unasafiri na boti kwenda Pemba halafu kila wimbi usimame ulipime kwa rula. Curtiss na Hirschfelder walishaliandika tatizo hili 1952, ndo hiyo milinganyo tunayoiita stifu mpaka leo. Dawa yake ni kugawa kazi: hewa inasogea hatua moja, inasimama, kila seli inahesabiwa kemia yake peke yake kwa hatua zake ndogo na kwa njia inayovumilia ustifu, halafu hewa inaendelea. Sasa seli yenye hewa baridi inamaliza mara moja maana hakuna kinachotokea, seli iliyopo kwenye moto wenyewe inaganda hapo, kwa hiyo ukigawa kazi kwa prosesa nne unakuta moja inahema, tatu zinaisubiri. Usiku mzima ndo huo.

Na seli zenyewe, khaa. Moto wa methani na hewa ukiuangalia pale panapoungua hasa, unene wake ni kama nusu milimita, basi seli zako ziwe ndogo zaidi ya hapo. Chukua boksi la sentimita 30 kila upande, likate seli za milimita 0.1, unapata seli bilioni 27. Mie na laptopu yangu hatuendi huko, nahesabu kipande chembamba tu cha duara nikijifanya pande zote zinafanana, ambayo sio kweli lakini inatosha kuanzia.

Wapo wanaokwepa kemia kabisa na wana haki yao. Kuna namba ya Damköhler, unachukua muda wa hewa kuchanganyika unaugawa kwa muda wa kemia, ikitoka kubwa sana maana yake kemia haicheleweshi kitu, anaechelewesha ni mchanganyiko, kikishachanganyika hesabu kimeungua. Modeli ya Magnussen na Hjertager ya 1976 imesimama hapo, rahisi, haraka, na kwenye matanuri makubwa imefanya kazi sana. Nenda na kipepeo kwenye seredani utaona wanachosema, unapepea kuleta hewa, ukali unakuja wenyewe.

Sasa jibu la jamaa yangu ndo hili. Chini ya seredani oksijeni inakutana na makaa inatoka kaboni dayoksaidi, ile dayoksaidi ikipita juu kwenye makaa mekundu inang'oa kaboni nyengine inakuwa monoksaidi mbili, zikifika juu kwenye hewa mpya zinaungua, ule moto wa buluu unaocheza juu ya makaa ndo huo. Tatizo monoksaidi na oksijeni kavu haziungui kwa haraka hata kidogo, inataka OH inayotokana na unyevu, na inataka joto. Gesi ikigusa sufuria ya maji baridi inapoa, riaksheni inakatika njiani, monoksaidi, na hiyo ni sumu, inapita pembeni ya sufuria bila rangi wala harufu. Modeli rahisi itakuchorea picha nzuri ya rangi ikikwambia kila kitu kimeungua, na hapo mie simuamini mtu anaenionesha rangi bila kuniambia kemia gani katia. Kwa jicho ndo kabisa, utakaa na seredani asubuhi mpaka magharibi na hiyo gesi huioni.

Anaetaka kujaribu asianze na OpenFOAM, aanze na Cantera, programu ya kuhesabu kemia, nayo ya bure, seli moja tu bila mtiririko, aone joto likipanda ghafla gesi inaposhika, halafu ndo alete hewa. Na aweke ihifadhi kila mara, umeme ukikatika inaendelea pale ilipoishia.

Yangu bado makaa yenyewe hayamo, gesi naiingizia kutoka chini kama vile ishatengenezwa. Kuungua kwa uso wa makaa na jivu linaloziba matundu ni kemia nyengine, ndo nnayoisoma sasa hivi.