Msimbo wa Kufungasha Uchukuliwe Wapi?

Vijana wa hapa Amu ninaowafundisha kufungasha programu za Debian, mfumo endeshi huria wa kompyuta, huniuliza kwa nini nawakawiza katika hatua ya kwanza, ile ya kuchukua msimbo chanzo kutoka kwa wasanidi wenyewe, ilhali amri ya uscan husoma faili la debian/watch, ikatafuta toleo jipya na kulipakua bila mtu kuhangaika. Nawakawiza kwa sababu kosa likiingia hapo, hatua zote zinazofuata hulibeba.

Debian ikishapokea faili la orig (furushi lililobanwa la msimbo chanzo) la toleo fulani, haikubali jingine lenye jina hilo hilo ikiwa linatofautiana nalo hata kwa baiti moja. Ndiyo maana siyategemei mafaili ambayo tovuti huyabana papo kwa papo. Januari 2023 GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya msimbo, ilibadilisha namna ya kuyabana, na ingawa msimbo haukuguswa, hashi, yaani alama zinazokokotolewa kutoka kwa yaliyomo kwenye faili, hazikulingana tena, miradi mingi ikashindwa kujengwa hadi badiliko hilo lilipoondolewa.

Sisi tunaohesabu bando, hasa mtandao unaposuasua, hushawishika kupakua faili moja dogo, kuhakiki saini ya kidijitali ya msanidi na kuendelea. Saini ni ya lazima, na ufunguo wa msanidi huwekwa katika debian/upstream/signing-key.asc ili uscan ikatae kisicholingana nao. Hata hivyo, haitoshi. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa na mlango wa siri, baada ya kufuatilia kwa nini kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Mafaili yale yalitiwa saini halali na mtunzaji wa mradi mwenyewe, lakini ndani yake mlikuwa na hati ya ujenzi, build-to-host.m4, iliyochezewa, ambayo haikuwamo katika hazina ya Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo.

Kwa hiyo nawataka wachukue pia toleo lenye lebo kutoka Git, kwa git clone --depth 1 ili bando lisiishie kwenye historia ya miaka, kisha walilinganishe na yaliyomo kwenye faili lililopakuliwa kwa diff -r. Faili la configure litaonekana upande mmoja tu, na hilo ni kawaida, kwa kuwa huzalishwa na Autotools, zana za kuandaa ujenzi wa programu; faili la .m4 lisilojulikana lilikotoka husomwa mstari kwa mstari. Wasanidi wakitia saini lebo zenyewe, mimi hutengeneza faili la orig kwa git archive na kulihifadhi kwa pristine-tar, ili mtunzaji mwingine akilihitaji alipate lile lile.