Hasira ya Mwenye Haki (1 Samweli 25)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili ya mavuno nilishika daftari la mnada kama kawaida. Mama mmoja akanunua mkungu wa ndizi kwa shilingi 12,000, akasema atalipa katikati ya wiki. Alhamisi jioni nikaweka majina ya wanaodaiwa kwenye kundi letu la WhatsApp la jumuiya. Dakika 5 hazikupita, akaandika: "Katibu, hela yangu umeipeleka wapi?" Na wote wanasoma.

Mikono ilinitetemeka. Nikaandika aya 3. Nikapiga picha ukurasa wa daftari, jina lake nimelizungushia wino mwekundu. Halafu nikaongezea ahadi ya ujenzi ambayo mumewe hajaimalizia tangu mwaka jana (ndizi na ujenzi wapi na wapi!). Nikatuma. Kumbe bando limekwisha na salio sina. Ujumbe ukaganda na kale kasaa kadogo pembeni, na maduka ya huku kwetu Old Moshi yalishafungwa.

Usingizi ukagoma, nikafungua Biblia. Habari ya Daudi na Nabali, yule tajiri wa kondoo, huwa tunaisoma kana kwamba Daudi alikasirika bure. Hapana. Watu wake waliwalinda wachungaji wa Nabali, mali yake haikupotea, na alipoomba chakula kwa adabu akajibiwa, "Daudi ni nani?" Alikuwa na haki. Ndiyo maana watu 400 walijifunga panga kwenda kumwangamiza Nabali na hatusomi kwamba hata mmoja aliuliza swali. Asiye na haki hujishuku kidogo, hupunguza sauti. Mwenye daftari mkononi hajishuku.

Abigaili, mke wa Nabali, alipomwendea Daudi njiani, naye hakumtetea Nabali. Alisema mumewe ni mpumbavu kama jina lake. Alichomwonyesha Daudi ni siku ile atakapokuwa mtawala wa Israeli, asije akabeba moyoni damu aliyoimwaga bure. Tena alitanguliza mikate 200, maneno yakafuata. Na kuna mstari ambao miaka yote nimeupita mbio: aliporudi nyumbani akamkuta Nabali amelewa chakari, hakumwambia neno, dogo wala kubwa, mpaka kulipopambazuka. Alikuwa nalo la kusema, tena zito.

Alfajiri nikausoma tena ujumbe wangu kabla ya kuufuta. Hesabu zote zilikuwa sahihi. Sikuona sentensi hata moja ambayo ningeweza kumtamkia mama yule tukitazamana.

Nikashuka kwake. Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe, nikamwamkia, tukaongea tumesimama. Hela alikuwa amempa mwanawe aniletee. Ya mtoto nawaachia wenyewe.

Jumapili iliyofuata akanunua trei ya mayai. Alihesabu noti moja moja mbele ya watu, akasimama pale pale mpaka nilipoandika "amelipa", kisha akaomba daftari asome mwenyewe. Nikampa.