Siku Moja Maishani Mwangu: Kutoka Kipande cha Shaba Hadi Bodi Inayowaka

Saa 2 asubuhi KiCad, programu ya kuchorea bodi za saketi, iko wazi. Kazi ya leo ni ndogo: bodi ya kushusha volti 12 hadi karibu 5 kwa LM317 (chipu ya kudhibiti volti), rezista mbili, kapasita mbili na viunganishi vya skrubu vya kuingiza na kutoa umeme. Kiwanda kingenitengenezea bodi safi kuliko yangu, yenye rangi ya kijani na maandishi meupe, lakini ningeisubiri. Mimi nataka kuiwasha leo leo.

Hesabu kwanza. LM317 hushikilia volti 1.25 kati ya mguu wa kutoa na mguu wa kurekebisha, kwa hiyo volti zinazotoka ni 1.25 × (1 + R2/R1). R1 ikiwa rezista ya omu 240 na R2 ya omu 750, napata kama 5.16. Inatosha.

Kuchora bodi ya nyumbani kuna masharti yake, maana bodi huanza ikiwa kibao kilichofunikwa shaba, na shaba isiyotakiwa huondolewa kwa dawa inayoiyeyusha. Njia za shaba zinazopitisha umeme, zikiwa za milimita 0.2, ambazo kiwanda hakihangaiki nazo, hapa zitakatika. Nazipa za kawaida milimita 0.5 na zile za umeme mwingi 1.5, halafu nafasi zote zilizobaki nazijaza shaba ya upande wa hasi. Wengi hudhani kujaza huko ni urembo. Faida yake ni kwamba shaba ambayo hukuiondoa haijakula dawa yako.

Saa 3 na nusu, kuchapisha. Printa ni lazima iwe ya leza, kwa sababu tona ni unga wa plastiki: huyeyuka kwa joto, hushika shaba, na dawa haiwezi kuupenya. Wino wa majimaji haufai kitu hapa. Karatasi ninayotumia ni ya jarida linalong'aa, maana uso wake hauing'ang'anii tona.

Hapa pana mtego unaowapata wengi: kugeuza picha au kutogeuza? Shaba yangu iko chini ya bodi, na programu huonyesha tabaka la chini kana kwamba unalitazama kutoka juu, macho yakipenya bodi. Karatasi ikilazwa kifudifudi juu ya shaba, picha inageuka mara moja, na hiyo moja ndiyo inayotakiwa. Basi sigeuzi chochote kwenye printa. Huwa naandika herufi mbili tatu kwenye tabaka hilo. Kwenye karatasi zisomeke kinyume, kwenye shaba zisomeke sawa. Zikiwa vingine nachapisha upya, kwa sababu LM317 kwenye bodi iliyogeuka hupokea volti 12 kwenye mguu wa kurekebisha.

Saa 4 hadi saa 5 na nusu ndiyo roho ya siku nzima, ingawa ukimwambia mtu unatengeneza bodi atauliza tu habari za kemikali. Dawa haina akili. Inaondoa kila shaba inayoiona na kuacha kila iliyofunikwa, kwa hiyo bodi inaharibika au kupona hapa, mezani, kabla chombo cha dawa hakijafunguliwa. Nasugua shaba kwa msasa laini sana chini ya maji, naizungusha ili mikwaruzo isielekee upande mmoja, kisha naipangusa kwa asetoni na kitambaa safi. Kuanzia hapo naishika kingoni tu. Alama ya kidole ni mafuta, na tona haishiki juu ya mafuta.

Pasi ya nguo, moto wa pamba, bila mvuke. Naanza kwa kuikandamiza bila kuisogeza mpaka karatasi ishike, halafu natumia ncha yake kupita kila kona kwa dakika chache. Ikipoa naitia kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Usiivute karatasi! Iache ilainike, kisha isugue kwa kidole gumba mpaka itoke kama uchafu wa kifutio. Penye tona iliyobanduka napaka kalamu ya wino usiofutika.

Saa 6. Dirisha wazi, glavu, miwani, nguo za zamani. Feriki kloraidi, dawa yenyewe, huacha doa la kahawia lisilotoka, na haitiwi kamwe kwenye chombo cha chuma. Naiweka kwenye trei ya plastiki, na trei naiweka ndani ya beseni la maji ya moto, kwa kuwa dawa ya nyuzi 40 na kitu hufanya kazi haraka kuliko ya baridi. Tabaka la shaba lina unene wa mikromita 35 tu. Naitikisa trei polepole ili dawa iliyochoka ipishe mpya, na baada ya robo saa hivi bodi iko tayari. Kuichelewesha ni hatari, maana dawa huanza kula shaba kwa ubavuni, chini ya tona, na njia nyembamba huisha kimya kimya.

Dawa iliyotumika inarudi chupani. Bado ina kazi. Ikichoka kabisa inapelekwa panapopokelewa taka za kemikali. Haimwagwi kwenye sinki, kwa kuwa sasa imebeba shaba, sumu kwa samaki, na mabomba ya chuma huyatafuna.

Saa 8, kutoboa. Biti ya milimita 0.8 kwa rezista na kapasita, kubwa kidogo kwa viunganishi. Biti za kabaidi (madini magumu sana) hukata vizuri lakini ukizilaza kidogo tu zinakatika, kwa hiyo drili inakaa kwenye stendi. Barakoa ni lazima: vumbi la faibaglasi halifai mapafuni. Wenye mashine ya CNC ya kuchonga, inayoongozwa na kompyuta, hukwepa dawa kabisa, lakini vumbi hawalikwepi, na uso wa bodi usipopimwa kwanza ncha ya kuchongea huzama upande mmoja na kuelea upande mwingine. Kwa bodi moja sioni sababu ya kuiwasha.

Saa 9 na nusu nafuta tona kwa asetoni, napaka fluksi (inayosaidia risasi ya kulehemu kushika), nalehemu. Vijenzi vifupi kwanza, LM317 mwisho.

Saa 11 jioni. Kabla ya umeme, multimita (kipimo cha umeme) kwenye mlio, hulia vitu viwili vikigusana: njia jirani zisiguse, plasi na hasi zisigusane. Kisha volti 12. Kinachotoka ni 5.18, ndani ya kosa la rezista za asilimia 5. Kwa mzigo wa ampea 0.3 chipu itapoteza wati 2 kama joto, hivyo inahitaji kipoza joto. Na kwa kuwa mgongo wake wa chuma umeunganishwa na mguu wa kutoa, naweka kipande cha mika, kisichopitisha umeme, katikati kabla ya kuifunga kwenye kasha.