Ufukweni tukawapeleka kondoo

Kwetu ni Magu, kando ya Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Kiangazi kikikolea, majani mabichi hubaki kwenye ukanda mwembamba wa ufukweni tu. Ng'ombe wetu 11 walikuwa wakishinda hapo mchana. Usiku ilikuwa zamu ya viboko.

Mwaka mmoja ng'ombe walikonda hadi mbavu zikahesabika, ilhali ufukwe wote ulikuwa wa kijani. Nikamlalamikia baba kwamba viboko wanatumalizia malisho. Kiboko mmoja hula hata kilo 40 kwa usiku. Akanijibu, "Acha kuhesabu viboko, mwanangu. Chuchumaa umtazame ng'ombe anavyokula."

Nikachuchumaa. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Huzungusha ulimi kwenye majani, akayakumbatia na kuyavuta. Kiboko hukata kwa midomo yake mipana, karibu kabisa na udongo. Akishapita, ulimi wa ng'ombe haupati cha kushika. Kumbe wanyama wangu walikuwa wakishinda juani wakitafuta shibe ambayo haipo, na mimi ndiye niliyewaswaga pale kila siku. Iliniuma sana.

Mvua zilipoanza tukafunga ekari 6 za mwinukoni ziwe ngitili. Sisi Wasukuma tunaijua ngitili tangu zamani: hufungwa masika, majani yakue, hufunguliwa kiangazi. Kule Shinyanga mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, ulifufua nyingi zilizokuwa zimeachwa. Kwetu ugumu ulikuwa kuilinda. Nilipita kaya kwa kaya kuwaomba majirani, na bado mara mbili nilikuta mifugo ndani. Sikugombana na mtu. Niliwatoa nikawarudisha kwa wenyewe, nikaomba tena.

Agosti tulifungua kipande kimoja kimoja, tukijazia na mabua ya mpunga. Nadhani bila hivyo vipande majani yangekwisha ndani ya wiki chache.

Ufukweni tukawapeleka kondoo, maana mdomo wao mwembamba hufikia majani mafupi. Hawatoki zizini mpaka jua lipande vizuri. Alfajiri viboko wanarudi majini, na ukisimama kati ya kiboko na maji umeweka roho rehani. Jioni tunawarudisha mapema. Ng'ombe nao hushuka ziwani adhuhuri, wakanywa, wakapanda tena.

Kiangazi kile mama aliendelea kukamua ng'ombe watatu hadi Oktoba.